Vigae vya Ukingoni mwa Mto

Bi Wan anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake. Alikuwa juu ya paa akianika pilipili, na kutoka pale ua wa Fundi Rao unaonekana wote, tanuri na kila kitu. Anasema mzee alivunja mabakuli mpaka akafika la mwisho. Hilo aliligonga mara moja tu, nyundo ikamponyoka. Ndipo akakaa chini kwenye majivu akalia kama aliyefiwa.

"Na aliyemliza ni wewe," alimwambia Hexiang kwenye kibanda cha tambi, watu wote wakisikia. "Miaka sita mzee anakufundisha, nawe unamlipa takataka. Mwenzio mwenye haya angeshakwenda kuosha vyombo vya watu."

Watu wakacheka. Hexiang alimaliza tambi zake, akafuta mdomo, akaondoka. Lakini maneno matatu aliondoka nayo: mara moja tu.

Sharti la Fundi Rao lilikuwa moja. Siku bakuli la Hexiang litakapotoka motoni halina kosa, ataruhusiwa kuandika jina lake kwenye kitako. Hapa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa kauri, bakuli lisilo na jina ni la kulia wali tu, na mchoraji wake hakuna anayemjua. Jina huandikwa mwisho kabisa, kwa rangi nyekundu, bakuli likishapoa, kisha likarudishwa kwenye moto mdogo. Hexiang alikuwa amelifanyia mazoezi jina lake kwenye magazeti mpaka magazeti yakaisha. Kwenye bakuli, hajaliandika hata mara moja.

Kila mwezi alichora mabakuli kumi na mawili, samaki mmoja kwa kila bakuli. Fundi naye alichora kumi na mawili yake, chumbani, mlango umefungwa. Yote yaliingia tanuri moja. Ila kulifungua tanuri ilikuwa kazi ya Fundi peke yake. Mwanagenzi alikaa nje ya geti akisikiliza nyundo, kah, kah, kah, mpaka ikawa kama mtu anatwanga. Kisha Fundi alitoka na kikapu cha vigae vilivyopondwa kama chumvi ya mawe, akampa akamwage mtoni.

"Yote, Fundi?"

"Yote. Ulitaka nikuachie ukalie uji? Mashoto wewe! Samaki wako hata njia hawaijui. Wanafunzi wangu wote kichwa kushoto, wewe peke yako kulia, kama kamwona mama mkwe."

Hilo la kichwa lilikuwa kweli. Mtu wa mkono wa kulia huanza na kichwa upande wa kushoto, akavuta mgongo kwenda mkiani. Mkono wa kushoto wa Hexiang ulimgeuza samaki. Alijaribu ule mwingine mwaka mzima, samaki akatoka kama kandambili.

Siku moja alipata ujasiri. "Nionyeshe bakuli moja tu, Fundi. Nilione kosa lilipo."

"Kosa liko begani kwako, linaning'inia. Nenda kachemshe maji."

Akaenda kuchemsha maji. Hata kumimina chai ilikuwa kazi yake siku hizi. Fundi alikuwa hagusi birika. Wageni wakija, Hexiang alimimina, akafukuzwa kama kuku, na wageni waliondoka na masanduku yao ya mabakuli ya Fundi, yamejazwa nyasi kavu na kufungwa kamba.

Basi siku ile ya tambi alikwenda moja kwa moja mtoni, pale alipomwaga kikapu jana yake. Juu palikuwa na unga ule ule wa siku zote. Aliufukua kwa vidole. Chini yake vilikuwepo vipande vikubwa, saba.

Alivisuuza, akavipeleka chumbani kwake, akaanza kutafuta kosa. Alitafuta ufa, povu, hata punje ya vumbi. Hakuona hata kimoja, ila mstari wa mgongo wa samaki ulikuwa na mawimbi, naye hakukumbuka kuuchora hivyo. Akanunua gundi. Kwa siku tatu aliunganisha kipande kwa kipande, akishikilia kila kimoja mpaka kikamate, na cha mwisho kilikuwa cha kichwa. Alipokibandika, alikaa akikitazama mpaka gundi ikakauka.

Kisha akaosha brashi yake nzuri kuliko zote.

Asubuhi ya nne alikuwapo Bwana Shen, mfanyabiashara kutoka Shanghai. Ameketi mezani kwa Fundi na bakuli mkononi, lina jina la Rao jekundu kitakoni, bado linang'aa.

"Fundi, umri huu na bado una mapya!" alikuwa akisema. "Tangu uwageuze samaki wako waangalie kulia, simu yangu hainyamazi. Nipe na ya mwezi ujao."

Hexiang akaingia.

"Nani amekuita?" Fundi Rao alifoka. "Birika liko wapi? Toka!"

Hakutoka. Aliliweka mezani bakuli aliloliunga kwa gundi, kando ya lile la mgeni. Bwana Shen akatazama moja, akatazama la pili.

"Huyu anaangalia kushoto," akasema. "Ni wa zamani?"

"Wa wiki hii," alisema Hexiang. "Alivunjwa humu uani."

Akainama, akamwekea Fundi brashi mbele yake kwa mikono miwili, kama mwanagenzi anavyompa mwalimu wake.

"Fundi, mgeni ametoka mbali. Mchoree samaki mmoja, hapa, tukuone."

Mikono ya Fundi Rao ilibaki ndani ya koti, na koti likawa linatetemeka.