Adabu ya Golini

Tunu alidaka kila mpira mazoezini, lakini kwenye mechi alishindwa kuwapanga mabeki wake. Mmoja wao, Sikudhani, alikuwa mama yake mdogo, na kwao mtoto hamwamrishi mkubwa.

Kipindi cha kwanza alijaribu. "Mama mdogo, samahani, naomba usogee kidogo kushoto." Kabla hajamaliza kuomba, mpira ulikuwa wavuni.

Wakati wa mapumziko kocha hakugusia kudaka. "Adabu yako nzuri, binti," alisema, "ila ni ndefu mno."

Kipindi cha pili timu yao ikasawazisha. Dakika za mwisho, winga wa wapinzani akachomoka upande uleule. Tunu akavuta pumzi.

"Siku! Kushoto!"

Sikudhani akaruka na kuutoa mpira nje. Kwenye benchi la watazamaji, bibi yake Tunu, mama wa Sikudhani, alijiziba mdomo kwa khanga. Hakuwahi kusikia jina la mwanawe likiitwa hivyo, tupu, na mjukuu wake.

Sikudhani aligeuka, macho makali.

"Shikamoo," Tunu akatamka kwa woga.

"Marahaba. Haya, kona hiyo inapigwa. Nikae wapi?"

Tunu akanyoosha kidole.