Sentensi ya Yustina

Kiharusi kilimsahaulisha Mzee Ngwasi Kiswahili chote. Alibaki na lugha ya utotoni mwake, ya huko kwao nyuma ya milima, ambayo mkewe Yustina hakuijua. Siku tatu sasa, kila alipoletewa uji aligeuzia uso ukutani.

Yustina akachukua daftari, akaenda kwa fundi viatu aliyetoka upande huohuo.

"Miaka arobaini nyumba moja, shemeji, hujui hata neno?" fundi akamtania.

"Alinichumbia kwa Kiswahili, nikamkubali kwa Kiswahili. Ningejuaje? Niandikie: kula, mume wangu, mimi nipo hapa."

Fundi akaweka sindano chini, akamtamkia polepole. Yustina akaandika mwenyewe, na njia nzima akawa anairudia ile sentensi kama anayesali rozari.

Alipokaa kando ya kitanda, bakuli mapajani, alinong'ona, "Mungu wangu, wewe unazisikia lugha zote. Nisaidie hii moja." Kisha akasoma.

Mzee akageuka. Alimtazama kwa muda mrefu, halafu akafungua kinywa. Akameza kijiko cha kwanza, na cha pili. Alipofikia cha tatu alimshika mkewe mkono kwa mkono wake usiopooza, akaanza kuzungumza. Yalikuwa maneno mengi, laini, na machozi yakimshuka.

Yustina hakuelewa hata moja. "Eeh, mume wangu," akaitikia. "Eeh." Na kwa mkono uliobaki akafungua ukurasa mpya wa daftari.