Cheti cha Bomani

Siku Sudi alipofariki, Eufrasia alifika hospitali akakuta kitanda cha mumewe kimeshatandikwa shuka safi. Akaelekea kwenye dirisha la chumba cha maiti kuomba kibali cha kuuchukua mwili. Hemedi, mdogo wake marehemu, alikuwa amemtangulia.

“Huyu mwanamke si mke,” Hemedi alikuwa akimwambia karani. “Kaka hakuozeshwa na shehe wala padri. Ndoa ya bomani nayo ni ndoa? Kitwana, si tunaswali safu moja mimi na wewe?”

Eufrasia alisogea dirishani. Alitoa mkobani cheti cha ndoa, kilichokaa miaka kumi na tisa kabatini, kati ya Msahafu wa Sudi na Biblia yake.

Kitwana alikikunjua taratibu, akapitisha kidole juu ya muhuri wa serikali.

“Ijumaa tutasimama bega kwa bega, Hemedi, Mungu akipenda. Lakini hapa si msikitini, hapa ni dirishani. Mama, saini hapa, palipoandikwa mke.”

Eufrasia alitia saini. Alisema asante, akaisema tena, kisha akamgeukia Hemedi na kumpa kibali.

“Shemeji, mzikeni kama alivyosali. Mimi nilitaka tu kumuaga nikiwa mkewe.”

Hemedi alikipokea kwa mikono miwili, macho chini.

Siku hizi, kila Ijumaa baada ya swala, Hemedi hupita nyumbani kwa Eufrasia. Husimama barazani na kuita, “Hodi, shemeji.”