Kufuli la Mlango wa Dharura

Mgeni aliingia kwenye kiwanda cha nguo bila hodi, viatu vyake vimejaa majivu. Alisimama mbele ya mlango wa dharura, uliofungwa kwa kufuli kwa sababu meneja alihofia vitambaa kuibwa.

"Dada, moto ukizuka mtatokea wapi?"

Zaituni, msimamizi wa zamu, alitoa ufunguo mfukoni.

"Niahidi mlango huu utakuwa wazi mpaka nirudi."

Zaituni aliahidi, akafungua. Alipogeuka, mgeni hakuwepo, na mlinzi wa getini akaapa kwamba hakuona mtu.

"Ulimwahidi nani?" meneja aliuliza alipoukuta mlango wazi na kusikia habari hiyo. "Funga, ama hesabu huna kazi."

"Hata mimi simjui, bosi. Ila niliahidi."

Zaituni alivua aproni, akatoka kwa mlango uleule wa dharura, kufuli mkononi. Nyuma yake vyerehani vilianza kunyamaza, kimoja kimoja, washonaji wakiinuka.