Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Fundi alilipindua tangi la zamani uani, akaligonga kitako kwa nyundo, na badala ya maji yakamwagika mawe. Yalikuwa meupe, ya chokaa, yameshikana tabaka juu ya tabaka hadi nusu ya tangi.

"Dada, hili lilikuwa linawapashia ndoo mbili tu," alisema. "Kwingine kote ni chokaa. Lazima mlikuwa mnagombania maji ya moto humu ndani."

Mke wa nyumba hiyo aligeuka. Macho yake yalikwenda kwenye dirisha la chumba cha uani, ambako mama mkwe wake alikuwa akikunja nguo na kuzipanga kwenye begi. Gari la kumpeleka kwa binti yake lingefika saa tisa.

Uso ulimwaka kwa haya. Miaka miwili, kila maji ya moto yalipomkatikia akiwa na sabuni machoni, alijua wa kumlaumu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza, akajifungia kwenye bafu lake nusu saa nzima, kopo likigonga ndoo polepole kama la mtu asiyedaiwa chochote na dunia. "Mama, ukioga utukumbuke na sisi," mke alikuwa akimwambia mlangoni. Jibu lilikuwa lile lile: "Nisamehe, mwanangu. Kesho nitafanya haraka." Kisha mama hutoka amevaa sweta mbili, akakaa juani, akashika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Uzee huo, mke alijiambia.

Kilichoharibu mambo ni Jumapili iliyopita. Ndugu za mke walikuja kumtembelea, dada yake akaingia kuoga, akatoka anatetemeka. Mke, kwa kutaka kuchekesha, akasema pale sebuleni, wote wakisikia: "Mkitaka maji ya moto kwenye nyumba hii, muamke kabla ya mama mkwe. Huyu haogi, anajichemsha." Watu wakacheka. Mama mkwe naye akacheka, akaweka kikombe chini, akaenda chumbani kwake. Asubuhi yake akamwambia mwanawe kwamba amewakumbuka sana wajukuu wake wa kule kwa binti.

Mume hakugomba. Alimtazama tu mkewe, kisha akatafuta viatu vyake akaenda kazini, na hilo lilimuuma mke kuliko matusi.

Kuomba radhi kulimshinda. Mara tatu alifika hadi mlangoni kwa mkwewe, akaishia kuuliza kama kuna nguo za kufua. Akaona bora anunue mashine imsemee. Hita mpya haikuwa na tangi. Ilikuwa kisanduku chembamba cha kutundika ukutani: ukifungua koki inawaka, na maji yanapata moto yakiwa njiani. Hayaishi, hata mtu akioga mpaka adhuhuri. Alitaka iwake kabla ya saa tisa, amshike mama mkono, amwoneshe, amwombe abaki. Lile neno gumu labda lingejipenyeza lenyewe hapo katikati.

"Tayari," fundi alisema, akijifuta mikono. "Sasa tujaribu koki moja moja."

Jikoni hita ilinguruma na mvuke ukapanda. Bafu la ndani, vivyo hivyo. Mke akashusha pumzi, akaenda kugonga mlango wa chumba cha uani.

"Mama, njoo uone. Hii haina tangi. Oga utakavyo, hakuna atakayekusemasema tena."

"Haya, mwanangu." Mama mkwe alifunga zipu ya begi kwanza, kisha akaja akasimama kwenye mlango wa bafu lake.

Fundi alifungua koki ya kushoto, ile yenye alama nyekundu. Hita haikunguruma. Akaizungusha hadi mwisho, halikutoka hata tone. Alichungulia chini ya sinki, akatoka nje kuuzunguka ukuta, akarudi anatikisa kichwa.

"Chumba hiki mliongeza baadaye, siyo?"

"Miaka miwili iliyopita," mke alisema. "Mama alipokuja kukaa nasi."

"Basi mjenzi wenu aliwachezea. Koki kaweka mbili, bomba kaleta moja, la maji baridi. Hii nyekundu kaipachika ukutani kama pambo. Maji ya moto hayajawahi kufika huku, dada. Hata siku moja."

Mke alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka kila asubuhi aliyosimama kwenye mlango huo huo, akisema aliyoyasema, na upande wa pili mwanamke wa miaka sabini akijimwagia maji baridi kopo kwa kopo. Neno lililomshinda wiki nzima likatoka bila kusukumwa.

"Nisamehe, Mama. Nisamehe sana. Lakini mbona hukusema?"

Mama mkwe hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameikazia macho ile koki, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari njema asizozitegemea.

"Kumbe ni mjenzi," alisema taratibu. "Mimi nilidhani ni wewe uliyenifungia maji. Nilishakusamehe siku nyingi."