Mchele wa Kilio cha Straton

Mashine ndogo ya kadi ililia, na Papa Théophile, mwenye duka, akamrudishia Consolée kadi yake.

“Inabakia kuponi mbili, mama.”

“Mbili? Mimi nilichunga kumi na tano!”

Foleni yote ya duka ikageuka. Hapa Kitshanga nani asiyejua jinsi Consolée anavyobana? Kila mwezi shirika la misaada huingiza kuponi sita kwenye kadi za familia za maeneo ya vita, na kuponi moja hukata nusu ya bei ya kitu kimoja. Wenzake huzimaliza siku ileile kwa mafuta na sukari. Yeye hutumia moja tu, ya chumvi. Watoto wake wanakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na wakinung'unika huwaambia wavumilie, ni kwa ajili ya baba yao.

Maana Consolée alikuwa mjane. Siku kijiji chao cha Nyabiondo kiliposhambuliwa, yeye alikimbilia huku na watoto, na mumewe Straton akapotelea upande wa Pinga. Miaka miwili ikapita bila habari. Familia ikakaa, ikakubali kwamba amekufa. Lakini kilio hakimalizwi kwa maneno matupu. Lazima watu wale na kushiba, ndipo mjane atoe kitambaa cheusi. Karamu ilikuwa Jumamosi, na Consolée aliapa kwamba Straton hataagwa kama mtu asiye na mke.

“Papa Théophile,” akasema, “wewe muntu wa misa kila siku, unakula kuponi ya mujane?”

Mzee huyo wa Butembo akaumia kweli. “Mama, siwezi kutoa hata moja bila namba yako ya siri. Uliambia nani?”

“Hakuna muntu! Ni mwaka wa ndoa yetu. Tuliijua mimi na marehemu tu.”

“Shirika lilitoa kadi mbili kwa kila nyumba, na zote zinakula kuponi zilezile. Ya pili iko wapi?”

“Ilikuwa mu mufuko yake siku ya vita.”

Papa Théophile akabonyeza mashine, ikatema karatasi. Akaisoma, akaisogeza karibu na macho, akaisoma tena.

“Kumi na tatu zilitumika Pinga, juma lililopita. Na namba ilikuwa ya kweli.”

Consolée akashika meza. Straton yu hai! Machozi yakamtoka palepale, akamshukuru Mungu kwa sauti, na wanawake wa foleni wakapiga vigelegele. Akaanza kufungua kile kitambaa cheusi kichwani. Kuponi si kitu, na azile zote, maskini, huko porini peke yake!

“Alinunua nini, papa? Isiwe iko mugonjwa.”

Papa Théophile akawa anakunja karatasi.

“Soma, papa.”

“Maziwa ya mutoto, mikebe sita,” akasema polepole. “Sabuni ya mutoto, tatu. Kofia ya mutoto, mbili. Shuka ya kubebea mutoto, mbili.” Akakohoa. “Inaonekana ni mapacha.”

Vigelegele vikakatika. Consolée akakirudisha kitambaa cheusi kichwani, akakifunga, akakikaza vizuri.

“Kwa hizi mbili zenye kubakia,” akasema, “nipimie muchele na maharagi. Kilio iko palepale Jumamosi.”