Patupu

Mtafiti wa chuo aliuzungusha mfano wa mji kwenye skrini, na Mzee Mfinanga akaiona nyumba yake, mpaka bati lililoota kutu.

"Na hapa nyuma, mzee? Ulituambia ni patupu. Barabara mpya tumeichora ipite hapo."

Shemeji yake, Namkunda, akamgeukia mbele ya majirani. "Patupu? Kwani dada yangu ulimzika wapi, shemeji?"

Halmashauri ilikataza kuzika majumbani, ndiyo maana alipoulizwa alijibu vile. Hao wakubwa ndio wanaomfundisha mtu uongo. Lakini mdomo uliosema ulikuwa wake.

"Tuonyeshe basi, tupachore," mtafiti alisema taratibu.

Mzee alinyoosha kidole, macho chini. Kila kilipogusa kioo, mji wote ulisogea pembeni.